Karatasi za Kiingereza Zilikuwa za Kigoma

Wiki iliyopita nilirudisha ufunguo wa dawati langu bandarini. Divine, anayekikalia kiti changu sasa, alinitaka nisaini kwamba ameupokea, kana kwamba kuna mlango mwingine duniani ambao ufunguo ule ungeweza kuufungua. Nikasaini. Karatasi nimesaini maisha yangu yote, moja zaidi haikuniumiza. Kilichoniumiza ni kutoka nje na kuikuta meli ya Kigoma inapakuliwa chumvi, watu wanaitana, magunia yanashuka, na mimi sina la kufanya ila kupita kando nisiwazibie njia.

Nyinyi vijana wa ofisi mmeniomba mara nyingi niwasimulie tulivyokuwa tukifanya kazi kabla ya kompyuta, na hasa miaka ya vita. Nilikuwa nawakwepa. Nilisema nina kazi, hata siku ambazo mlikuwa mnaniona nakunja karatasi na kuzikunjua. Ukweli ni kwamba kuna sehemu moja sikutaka kuisema nikiwa bado nakaa kwenye kiti kile. Sasa niko nyumbani Buyenzi, chai iko mezani, hakuna wa kunikatiza. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyote viwili vilikuwa vidogo.

Niliingia katika nyumba yetu ya transit nikiwa na miaka ishirini na miwili. Kwa asiyejua, kazi yetu ni kuwatolea wafanyabiashara mizigo forodhani. Gunia la chumvi haliwezi kutoka bandarini kwa sababu tu mwenyewe analitaka. Lazima karatasi ziseme ni kitu gani, kimetoka wapi, kina uzito gani na ni cha nani, na karatasi hizo ziandikwe na mtu ambaye forodha inamjua kwa sahihi yake. Mtu huyo kwetu alikuwa Mzee Melkiori, aliyekuwa akija kutoka Mutanga Sud kila asubuhi kwa baiskeli nyeusi, suruali ameibana kwa vibanio vya kuanikia nguo.

Siku ya kwanza alinipeleka ghalani akanionyesha rundo la magunia. Akaniambia nihesabu. Yeye alisimama pale mlangoni, akatazama mara moja, akaandika namba kwenye kiganja chake. Mimi nilipanda, nikashuka, nikazunguka, nikatoka jasho. Nilipomaliza nilikuwa nimekosea kwa magunia mawili, na yeye alikuwa sawa. Kisha tukarudi ofisini akakaa mbele ya mashine ya chapa, akaandika deklarasyo nzima, ile karatasi ya forodha, huku ananiuliza habari za baba yangu, bila kuangalia vidole. Nikaona nimefika mahali ambapo sihitajiki. Nikamwambia.

"Mzee, kama we unahesabu kunipita, na kuandika unanipita, mi niko hapa ya nini?"

"Petit, sikiya," akasema. "Kuhesabu nakupita kidogo. Kuandika nakupita mbali. Mi nikishinda mu hangari nahesabu magunia, nani ataandika? Kila saa napoteza kule, deklarasyo tatu zinalala. We ukishinda kule unapoteza nini?"

Nikafikiri. "Apana kitu, Mzee."

"Ego, ndiyo. Basi we ni mutu wa magunia. Nenda uhesabu tena."

Miaka mingi baadaye wataalamu walikuja kwenye semina katika hoteli za Rohero na kutueleza jambo hilohilo kwa michoro, asubuhi nzima, na biskuti. Walisema nchi isijivunie kuweza kila kitu, ifanye kile ambacho kukifanya kunaigharimu kidogo, kingine ikichukue kwa jirani. Watu waliandika sana. Mimi nilikula biskuti. Nilikuwa nimekwisha kulielewa nikiwa na vumbi la magunia puani, na kwa ajili hiyo niliuona ukanda wetu wote hivyo. Sisi tuna kahawa milimani na hatuna chumvi. Uvinza wana chumvi. Kigoma wana reli inayofika baharini, sisi tuna soko linalosubiri. Ziwa liko katikati, tayari limeshalipiwa na Mungu.

Huko Kigoma tulikuwa na wakala mwenzetu, na kwa wakala huyo kulikuwa na karani aliyeitwa Zuhura. Kwa miaka saba nilimjua kwa sauti tu. Ofisini tulikuwa na redio ya mawimbi tuliyoiita foni, sanduku la kijivu lenye kipaza sauti cha kubana mkononi, na kila siku saa mbili asubuhi Bujumbura iliita Kigoma. Tulitaja mizigo, majina ya meli, uzito, basi. Kila mtu ziwani alikuwa anasikiliza, kuanzia manahodha hadi watu wa Uvira na Mpulungu, kwa hiyo hukuweza kusema jambo ambalo hutaki kusikia limerudiwa sokoni.

"Alo Kigoma, mi sijaona papier ya tatu. Mutu wa bato amesahau."

"Bujumbura, nakupata. Hiyo ni meli, siyo bato. Na papier ni karatasi. Wewe ulifundishwa Kiswahili na nani?"

"Nilifundishwa na mama yangu, Dada Zuhura."

"Basi msalimie sana mama, mwambie kazi bado haijaisha."

Manahodha walicheka humo humo hewani. Mzee Melkiori hakucheka, lakini siku hizo aliacha kuniharakisha nitoke kwenye foni.

Sasa niwaeleze mtindo wetu wa majalada, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kilipo. Karatasi zilizotoka Dar es Salaam na ng'ambo zilikuwa za Kiingereza. Karatasi zetu za Bujumbura zilikuwa za Kifaransa. Mimi Kiingereza nilikuwa sijui hata cha kuombea maji. Zuhura Kifaransa vilevile. Mzee Melkiori alijua Kiingereza kidogo, angeweza kukaa na kamusi mchana kutwa akaelewa ukurasa mmoja. Lakini alisema ni upumbavu: kule yuko mtu anayeusoma kwa dakika tano. Basi tukagawana. Zuhura alisoma Kiingereza, akaandika muhtasari wa Kiswahili kwenye karatasi moja, akaubana juu ya zile nyingine ndani ya jalada la buluu. Mimi nilifanya kazi kwa kufuata muhtasari wake. Karatasi za chini sikuzisoma. Nilizipiga muhuri wa VU, maana yake zimefika na kuonekana, muhtasari ukabaki kwetu, jalada likarudi kwake kwa meli ile ile kama ushahidi. Za Kifaransa nilimfanyia hivyo hivyo, jalada la njano, muhtasari wangu juu, na muhuri wake chini.

Kwa miaka saba sikuwahi kusoma chini ya muhtasari wake. Sikuwa na sababu. Hakukosea hata kilo moja. Watu wa forodha walikuja kuuliza tunawezaje kutoa meli nzima kwa siku moja wakati wengine wanachukua wiki, na Mzee Melkiori aliwajibu kwamba tunaomba dua. Kujifunza Kiingereza ningeweza. Jioni zilikuwepo, walimu walikuwepo. Lakini kwa nini nijifunze? Alikuwepo Zuhura.

Vita vilianza Oktoba ya mwaka wa tisini na tatu. Mnasoma habari zake kwingine, na wengine wenu mlizaliwa ndani yake, kwa hiyo sitawasimulia yale ambayo kila nyumba inayo. Kwa upande wa kazi, tulijifunza kutazama barabara kabla ya kutazama saa. Kulikuwa na siku tulizoziita siku za mji kufa, hakuna gari, hakuna duka, na siku hizo niliwahi kutembea kutoka Buyenzi hadi bandarini nikiwa na jalada la njano ndani ya shati. Mzee Melkiori aliiacha baiskeli, alisema inamfanya aonekane mrefu, rahisi kulengwa. Lakini foni ilifunguliwa. Saa mbili asubuhi Zuhura aliuliza, "Bujumbura, mko wangapi leo?" Hakuwa anauliza mizigo. Nilimwambia tuko watatu, au tuko wawili, na nilisikia anavuta pumzi kabla ya kuendelea na majina ya meli. Nilianza kuamka asubuhi kwa ajili ya swali lile.

Mwanzoni mwa tisini na sita, baada ya Idi, ilikuja kesi ya chumvi iliyolowa. Magunia mengi ya shehena moja yalifika yamekuwa magumu, unapiga kwa ngumi unasikia jiwe. Mfanyabiashara akakataa kuyachukua, shehena ikarudishwa Kigoma, nahodha akasema yalipakiwa hivyo, wa Uvinza wakasema yaliondoka makavu. Mzee Melkiori akanipa sonda yake, kile chuma chembamba chenye mfereji tunachochomeka kwenye gunia kutoa kidogo cha ndani, akanituma Kigoma. Alikuwa hajawahi kumwazima mtu sonda ile. Aliifunga kwenye gazeti mwenyewe.

Zuhura alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Hilo ndilo la kwanza nililoliona, na alijua nimeliona, akasema, "Ulitegemea jitu?" Tulishinda ghalani siku tatu tukichomeka sonda gunia baada ya gunia. Yeye alishika daftari, mimi nilichomeka, na bila kuambizana tulikuwa tumegawana kazi kama kawaida. Tukagundua kwamba magunia yaliyokaa juu melini yalikuwa makavu na ya chini yamelowa kuanzia chini kwenda juu, maana yake maji yaliingia sakafu ya meli, si Uvinza. Nahodha aliacha kubisha. Zuhura alinipikia samaki, akamwita mgebuka, mimi nikamwita mukeke kama anavyoitwa kwetu, tukabishana mpaka akapoa sahanini. Alikuwa samaki yule yule, wa ziwa lile lile.

Siku ya nne nilimwambia. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema, "Zuhura, mi nataka kuwa nakusikia bila foni." Alifunga daftari lake, akasema baba yake yuko Ujiji, na hapokei wageni wasio na wazee. Tukakubaliana wazee wangu waende Ujiji baada ya Maulidi. Nilirudi Bujumbura kwenye sitaha ya meli ya mizigo, kati ya mapipa, na sikumbuki kama nililala au nilikula. Nilikuwa na furaha tu, nzima, ambayo sijaipata tena kwa ukubwa ule.

Maulidi ikasomwa. Mjomba wangu alikuwa ameshanunua kanzu. Siku chache baadaye nchi jirani zikatangaza vikwazo: mipaka inafungwa, hakuna meli ya biashara kuja Burundi wala kutoka, kwa sababu ya mambo ya siasa yaliyokuwa yametokea hapa. Sikuwalaumu waliotangaza, wala waliosababisha sikuwatetea. Nilikuwa karani. Nilijua tu kwamba mlango wetu wote ulikuwa upande ule, na umefungwa na mimi niko ndani.

Hamjawahi kuona bandari iliyonyamaza. Winchi zilisimama, mbwa wakalala kwenye njia za magari. Chumvi ikawa kitu cha kupeana kwa kijiko kati ya majirani. Huko Kajaga wavuvi waliacha nyavu, wakaanza kuchoma matete na kuchuja majivu wapate chumvi, kama babu zao walivyofanya. Nilikwenda kuona kwa macho yangu. Mzigo mzima wa matete ulitoa kitu cheusi cha kujaza kiganja, kichungu, na wakati huo samaki walikuwa wanapita ziwani bila mtu wa kuwavua, na wachache waliovuliwa waliharibika kwa kukosa chumvi. Mtu anaweza kufanya kila kitu mwenyewe, ndiyo. Nilimwona akifanya. Alikuwa na majivu mpaka kwenye kope.

Mzee Melkiori aliondoka mwaka huo. Mutanga Sud hapakuwa pa kulala tena kwa mtu wa umri wake, akaenda Gitega kwa binti yake. Siku ya mwisho aliniachia mashine ya chapa, kamusi yake ya Kiingereza na maneno haya: "Usifunge foni. Hata kama auna kitu ya kusema, fungua." Kamusi niliiweka juu ya kabati. Ninyi mnaoniuliza kila siku majuto yangu ya kazini ni yapi, andikeni hilo.

Foni sikuifunga. Lakini tuliruhusiwa kusema hali ya hewa na usalama wa vyombo tu, na tuliambiwa wazi kwamba tunasikilizwa na watu wasiokuwa manahodha. Kwa zaidi ya mwaka, Zuhura na mimi tuliambizana upepo. "Kigoma kuna mawingu, Bujumbura." "Hapa iko jua, Kigoma." Hatukuwa na siri yoyote ndani yake, yalikuwa mawingu kweli na jua kweli. Lakini nilikaa nimelibana lile dude mkononi hata baada ya yeye kuzima. Kwenda mwenyewe kwa mtumbwi ningeweza, wengi walikwenda. Ila wakati huo Mrundi aliyeshuka Kigoma bila karatasi alipelekwa kambi ya wakimbizi, na kutoka kambini hakuna anayekwenda Ujiji kuposa.

Kisha ikaruhusiwa meli ya chakula cha msaada, unga na maharage. Nikawa kazini tena. Nililipokea jalada la buluu kwa mikono miwili, na juu yake muhtasari kwa mwandiko wake, herufi zimeinama kidogo kushoto. Niliusoma muhtasari mara tatu kwa raha tu. Unga, uzito. Maharage, uzito. Jina la nahodha. Kisha nikachukua karatasi za chini, nikazipiga VU moja baada ya nyingine, pa, pa, pa, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imefurahi kurudi kazini. Nikalifunga jalada, nikalirudisha kwa nahodha.

Siku mbili baadaye, saa mbili asubuhi:

"Bujumbura, jalada limenifikia." Sauti ilikuwa ya chini. "Karatasi zote uliziona?"

"Zote, Kigoma. Nilipiga muhuri zote."

"Na umezirudisha zote?"

"Zote. Apana hata moja imebaki."

Nilidhani mawimbi yamekatika, nikaita mara mbili.

"Nakupata, Bujumbura," akasema. "Hapa kuna mawingu."

Nilimwambia huku kuna jua. Nilikuwa najivunia kazi yangu.

Baada ya hapo alinijibu kama unavyomjibu mtu wa Mpulungu. Hali ya hewa, basi. Haikupita miezi mitatu, sauti nyingine ikashika foni ya Kigoma, mwanamume mwenye mafua yasiyokwisha. Nilimuuliza Dada Zuhura yuko wapi. Akasema amekwenda kwao Ujiji, kuna shughuli. Sote tunajua shughuli ni nini mtu wa foni anaposema kwa sauti ile. Nilikasirika. Nilijiambia alichoka kusubiri, kwamba wa huko hawana subira, nilisema mengi ya kijinga, na mjomba wangu akavaa ile kanzu kwenye arusi ya mtu mwingine.

Vikwazo viliondolewa mwanzoni mwa tisini na tisa. Meli ya kwanza ya biashara ilipotoka Bujumbura, niliomba kwenda nayo, na ofisi ikakubali kwa sababu hakuna mwingine aliyezijua njia za huko. Mzigo ulikuwa sabuni yetu kwenda, chumvi kurudi.

Zuhura alikuwa amerudi kazini. Alikuwa nyuma ya dawati, amejaa kidogo, ana pete. Alinikaribisha kwa heshima zote, akaniuliza mama, akaniuliza Mzee Melkiori, akaagiza chai. Tulizungumza kuhusu sabuni. Nilipomaliza kikombe alifungua kabati, akatoa karatasi moja iliyopigwa chapa, akaiweka mbele yangu. Katikati ulikuwepo muhuri wetu wa VU, umekandamizwa mpaka wino umetawanyika. Ulikuwa mkono wangu, nisingeweza kuukana.

"Ulinirudishia," akasema. "Ningeelewa ungekataa kwa maneno. Hata kwa mtu. Lakini muhuri, Shabani?"

"Hii ni nini?"

"Usinifanyie hivyo. Isome."

"Zuhura. Iko mu Kiingereza."

Alinitazama. Nikaona anafikiri, na nikaona fikra inafika.

Akanieleza polepole. Askari wa bandari ya Kigoma walikuwa wanafungua kila jalada na kutoa chochote kisichohusu mzigo. Barua ya Kiswahili ingesomwa na kuchanwa palepale, na muhtasari ndio waliousoma wa kwanza. Karatasi ya Kiingereza yenye mihuri ya serikali haikuguswa na mtu. Kwa hiyo alimshawishi mkubwa wake, akazunguka ofisi za Uhamiaji miezi minne, akapata barua ya kunivusha, akaiweka katikati ya unga na maharage.

"Jina lako lilikuwa juu, kubwa," akasema.

"Jina langu liko ju ya kila papier. Mi ndiye wakala."

"Na muhuri wa Uhamiaji?"

"Sikuangalia mihuri. Nilipiga yetu tu." Kisha nikasema lile lililokuwa kweli kabisa. "Karatasi za Kiingereza zilikuwa zako. Mi nilizoea kukuaminia."

Alifunika mdomo kwa mkono. Mimi sikulia pale, nililia baadaye, kwenye meli, nikiwa nimekaa juu ya chumvi.

Nitasimama hapa kidogo, kwa sababu najua mtaniuliza. Leo mpaka wetu na majirani umekuwa mwepesi, tumeingia jumuiya moja nao, Divine anaandika deklarasyo ya Kifaransa na Kiingereza kwenye kompyuta moja, na mwanafunzi wa Bujumbura anakwenda kusoma Kigoma na kurudi likizo. Ninaposikia wanasiasa wakisema kila nchi ijitegemee, ijifungie, ijitoshe, nawakumbuka wavuvi wa Kajaga na majivu yao. Sijutii kwamba tuligawana kazi, Zuhura na mimi. Ile miaka saba ndiyo kazi bora niliyofanya, na sikuifanya peke yangu. Najutia kwamba nilimwachia mwenzangu kitu fulani mpaka nikasahau kwamba kipo, na mlango ulipofungwa kati yetu sikuwa na hata neno moja la kwake mikononi. Kamusi ilikuwa juu ya kabati. Chukueni cha jirani, lakini jueni angalau kukitambua kinapokufikieni. Mimi nilioa baadaye. Mke wangu anayajua haya yote, na ndiye aliyeniambia niyaandike badala ya kuzunguka uani.

Basi, kule ofisini Kigoma chai ya pili ililetwa. Nje ya mlango wa ofisi watu walikuwa wanangoja karatasi zao za chumvi, maana meli za kwanza zilikuwa nyingi na kila mtu alikuwa na haraka baada ya miaka ile. Zuhura aliwaambia wasubiri. Akaivuta ile karatasi upande wake, akavaa miwani ambayo sikujua anayo.

"Nikusomee?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

Akasoma kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kwa ile sauti ya saa mbili asubuhi. "Kwa Ofisa Uhamiaji, bandari ya Kigoma. Mwenye barua hii ni Bwana Shabani, wakala wa forodha kutoka Bujumbura. Tunamhitaji katika ofisi yetu kwa kazi ya karatasi za Kifaransa, kwa kuwa hapa kwetu hakuna anayeziweza. Atapokelewa gatini na karani wetu, Bi Zuhura, ambaye anamfahamu kwa miaka mingi na anamdhamini kwa kila jambo. Tunaomba aruhusiwe kushuka."

Nilimwomba arudie. Akarudi mwanzo, akasoma polepole zaidi.